Matangazo yetu hayasomwi, mfumo ukizimwa tunalaumiwa: tufanyeje?

Swali: "Mimi ni mkuu wa dawati la msaada katika kitengo cha TEHAMA cha chuo kikuu. Tuko sita, na tunahudumia wanafunzi na wafanyakazi wapatao 18,000. Kila wiki tunatuma barua pepe kwa wote: matengenezo, tahadhari, mafunzo, mabadiliko. Hakuna anayesoma. Mfumo ukizimwa simu zinamiminika, 'mbona hamkutuambia?' Mkurugenzi wetu anataka tutume zaidi ili tuwe na ushahidi kwamba tulisema. Likizo ijayo tutahamisha barua pepe za chuo kizima kwenda kwenye mfumo mpya, na nina hofu. Tufanyeje ili watu watusikie?"

Jibu:

Mwenzangu, hofu yako ina msingi, na nimefurahi umeuliza kabla ya kuhamisha barua pepe hizo. Nilikaa dawatini miaka mingi kabla ya kukaa ofisini, na jambo moja nimelishika: mtumiaji hasomi tangazo, anasoma jibu la shida yake. Siku aliyokwama husoma kila neno mnalomwandikia, tena mara mbili. Usikivu mnaoutafuta kwenye orodha ya barua pepe za wote mnapewa kila siku dawatini, tiketi kwa tiketi, yaani kila ombi la msaada linalosajiliwa, na ni hapo unapojengeka au kubomoka.

Lakini tuanze na hayo matangazo, maana ndiyo yanayokuumiza kichwa. Fanyeni zoezi la nusu siku. Chapeni barua pepe zote mlizotuma kwa wote katika miezi mitatu iliyopita, mzitandaze mezani, mkae nyote sita. Kwa kila moja jiulizeni: nani hasa alitakiwa kufanya kitu baada ya kuisoma, na kitu gani? Zilizomtaka kila mtu afanye jambo zitakuwa chache. Nyingine zitakuwa zilihusu kundi moja tu: wahadhiri wanaoingiza alama, wanafunzi wa bweni fulani, watu wa uhasibu. Na zilizobaki, ambazo kwa uzoefu wangu huwa ndizo nyingi, hazikumtaka mtu afanye lolote. Kila barua ya namna hiyo inamfundisha msomaji kwamba jina la kitengo chenu likitokea kwenye simu yake anaweza kulipita. Mkilirudia somo hilo kila wiki, linaingia.

Ndiyo maana siungi mkono ushauri wa mkurugenzi wako, ingawa naelewa unatoka wapi. Anataka kumlinda kila mmoja wenu siku ya lawama. Ila ujumbe ulioandikwa kwa ajili ya kujikinga unamhudumia aliyeutuma, na msomaji anaihisi hali hiyo tangu mstari wa kwanza. Ukienda kuzungumza naye, usiende na hoja hii mikono mitupu. Nenda na zile karatasi za mezani, pamoja na hesabu ya simu zilizopigwa siku ya kuzimwa kwa mfumo. Mwoneshe kwamba mlituma, na simu zikaja vilevile. Mimi nimeona wakurugenzi wakibadili msimamo kwa hesabu za namna hiyo kuliko kwa nadharia yoyote.

Sasa lugha yenyewe. Chuo kimoja nilichofanyia kazi tuliwahi kutangaza "matengenezo ya seva ya hifadhidata". Tuliweka jina la seva, toleo la programu, na muda. Hatukusema kwamba mfumo wa kuingiza alama unaitegemea seva hiyo. Mhadhiri mmoja alikuwa katikati ya kuingiza alama za darasa kubwa. Saa ilipofika, kazi yake ya jioni nzima ikapotea. Kesho yake alikuja ofisini na tangazo letu mkononi, amelichapa, akaniuliza kwa upole: "Hapa pameandikwa wapi kwamba ni mimi mnayeniambia?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile siandiki jina la seva kwenye tangazo. Naandika kile ambacho mtu hataweza kufanya, kwa maneno anayoyatumia yeye: "Hutaweza kuingiza wala kuona alama." Sentensi ya kwanza ibebe hilo, pamoja na siku na saa. Ya pili imwambie afanye nini kabla ya hapo. Sababu za kitaalamu, kama zinahitajika kabisa, zikae chini kwa anayetaka kuzijua.

Kuhusu saa, kuweni waangalifu kuliko mnavyodhani inahitajika. Kiswahili chetu kina saa zake, na simu na kompyuta zina saa zao. "Saa 4 usiku" kwa mmoja ni 22:00, na kwa mwingine aliyezoea kuhesabu kutoka usiku wa manane ni alfajiri. "Usiku wa Jumamosi" ni kitendawili zaidi: wapo wanaouelewa kuwa ni usiku wa kuamkia Jumamosi, na wapo wanaouhesabu kuwa unaanza Jumamosi jua likishazama. Andika "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, saa 4:00 usiku (22:00)". Ni maneno mengi, lakini yanaokoa simu nyingi.

Nirudi dawatini, kwenye moyo wa jambo lenyewe.

Wengi wenu mnafanya kazi kwa utaratibu uliotokana na ITIL, mkusanyiko wa miongozo ya huduma za TEHAMA ulioanza serikalini Uingereza miaka ya 1980. Humo mna mgawanyo ambao kwa mtumiaji ni wa maana kubwa, japo hautaji kwa jina. Kuna tukio: kitu kilichokuwa kinafanya kazi kimeacha. Kuna ombi: mtu anataka kitu kipya, kama akaunti au programu. Na kuna tatizo la msingi: sababu iliyojificha nyuma ya matukio mengi. Dawati linalovichanganya hivi vitatu humjibu mtu kwa sauti moja, naye hasikii kwamba ameeleweka. Mwenye ombi anataka kujua atapata lini na nani anaidhinisha. Mwenye tukio anataka kujua kwanza kabisa kama ni yeye peke yake au ni chuo kizima. Hilo la "ni mimi tu?" ndilo swali la kwanza kichwani mwa kila aliyekwama, na majibu mengi ya dawatini hayaligusi. Lijibuni katika mstari wa kwanza: "Tatizo hili limewapata wote wa jengo la maktaba, tunalishughulikia." Mtu akisoma hivyo anaacha kuhangaika na kompyuta yake, na anaacha kupiga simu.

Utaratibu huohuo unapanga kipaumbele kwa kupima mambo mawili: athari, yaani wangapi wameguswa, na uharaka, yaani madhara yanakuja upesi kiasi gani. Naupenda mpango huu kwa sababu ya haki iliyomo. Printa ya profesa mmoja ikikataa, na wakati huohuo chumba cha wanafunzi 60 wanaofanya mtihani kikipoteza mtandao, hakuna anayehitaji kubishana nani ahudumiwe kwanza. Lakini mpango ukiwa siri yenu, profesa ataona amedharauliwa. Uandikeni kwa lugha nyepesi, uwe mahali ambapo kila mtu anaweza kuuona, na mkimchelewesha mtu mwambieni kwa nini, kwa heshima: "Tumekupokea. Kwa sasa tunarudisha mtandao kwenye vyumba vya mtihani. Tutakuja kwako leo baada ya saa 9 alasiri."

Angalia sentensi hiyo ya mwisho. Haiahidi kwamba printa itapona saa 9. Inaahidi kwamba mtatokea. Fundi mara nyingi hawezi kujua kazi itaisha lini, na akibanwa ataje muda atataja wa matumaini, kisha atauvunja. Kinachowezekana daima ni kuahidi mtazungumza tena lini, na kuitimiza ahadi hiyo hata kama hakuna jipya la kusema. "Bado tunatafuta chanzo, tutakuandikia tena saa 7 mchana" ni ujumbe wenye thamani kubwa sana. Ukimya ndio unaomfanya mtu apige simu, kisha apande ngazi hadi ofisi ya mkuu wa chuo.

Kuna makosa mawili ya tiketi nayakuta karibu kila ninapoalikwa. La kwanza ni kuuliza swali moja kwa siku. Leo unauliza unatumia kivinjari gani, kesho unaomba picha ya skrini, keshokutwa unauliza ni jengo lipi. Uliza yote mara moja, na eleza kwa nini unahitaji kila kimoja. La pili ni kufunga tiketi kwa neno "Imetatuliwa" bila kusema kilichofanyika na bila kumwuliza mwenyewe kama amepona. Mtu anayerudi na kukuta tatizo lake liko palepale, lakini limetangazwa kuwa limekwisha, hatawaamini tena upesi. Andikeni mlichofanya kwa sentensi moja, ombeni uthibitisho, mpeni siku kadhaa, na mwachieni njia ya kuifungua tena kwa kujibu tu ujumbe uleule.

Kila tiketi iliyojibiwa vizuri ni nusu ya makala ya msaada. Iandikeni wakati huohuo, na kichwa chake kiwe maneno ya mtumiaji, "Siwezi kuingia kwenye waifai baada ya kubadili nenosiri", maana hayo ndiyo atakayoyaandika mwenzake kwenye sanduku la kutafutia.

Siku ya kuzimwa kwa mifumo inahitaji maandalizi ya peke yake. Tarehe 4 Oktoba 2021 huduma za Facebook, pamoja na Instagram na WhatsApp, zilitoweka duniani kote kwa takriban saa sita. Mabadiliko yaliyokosewa katika mtandao wao wa ndani yalisababisha anwani zao zisionekane kwenye intaneti, na vifaa ambavyo wafanyakazi wenyewe wangevitumia kuwasiliana na kurekebisha vilikuwa vinategemea mtandao uleule. Jiulizeni swali hilo hapo chuoni: barua pepe ikizimwa, mtatangaza kwa njia gani kwamba barua pepe imezimwa? Mnahitaji ukurasa wa hali ya mifumo unaokaa nje kabisa ya seva na mtandao wenu, wenye anwani fupi ambayo watu wameizoea tangu siku za amani. Namba za simu za wakuu wa idara na walinzi wa zamu ziwe zimechapwa kwenye karatasi, karatasi iwe kwenye droo, na droo ijulikane.

Hili la karatasi sisemi kwa kutia chumvi. Desemba 2019 Chuo Kikuu cha Justus Liebig huko Giessen, Ujerumani, kilishambuliwa na programu hasidi, kikalazimika kujitoa mtandaoni. Watu wapatao 38,000 walihitaji manenosiri mapya, na taratibu ziliwazuia kuyatuma kwa barua pepe. Ikabidi kila mmoja, mwanafunzi na profesa, aje mwenyewe na kitambulisho, apange foleni, akabidhiwe nenosiri kwenye karatasi. Waliitwa kwa zamu kwa kufuata tarehe za kuzaliwa, kwa siku kadhaa. Mimi huwa naikumbuka ratiba ile. Ni tangazo ambalo kila mtu, hata asiyejua lolote kuhusu kompyuta, angeweza kujiona ndani yake kwa sekunde moja: nimezaliwa lini, basi siku yangu ni ipi.

Mwezi huohuo, siku chache kabla ya Krismasi, Chuo Kikuu cha Maastricht nchini Uholanzi kilifungiwa seva zake na wahalifu waliodai fedha. Kililipa bitcoin 30 (sarafu ya kidijitali), karibu euro 200,000 kwa wakati ule. Lakini kilichonivutia ni walichofanya Februari 2020: waliitisha mkutano wa hadhara, wakaeleza jinsi wavamizi walivyoingia kupitia barua pepe ya ulaghai iliyofunguliwa miezi miwili hivi kabla, wakachapisha ripoti ya uchunguzi. Hawakumficha mtu. Mkipata ajali, kubwa au ndogo, andikeni baadaye maelezo mafupi ya kilichotokea, chanzo chake, na mnachobadilisha. Watu husamehe mfumo ulioanguka upesi zaidi wanapoambiwa ukweli wake.

Barua pepe ya ulaghai inanileta kwenye jambo ambalo vitengo vyetu vinajikosea vyenyewe. Tunawafundisha watumiaji wasibofye viungo vinavyowaharakisha, halafu sisi wenyewe tunawaandikia: "Akaunti yako itafungwa ndani ya saa 24, bofya hapa." Ujumbe halali unaofanana na wa tapeli unaharibu mafunzo yote. Wekeni kanuni na mwitangaze: kitengo cha TEHAMA hakitauliza nenosiri lako kamwe, na hakitakutumia kiungo cha ukurasa wa kuingilia, kitakuambia uende kwenye tovuti ya chuo kama unavyokwenda siku zote. Kisha msiivunje hata mara moja. Hakikisheni pia kwamba SPF, DKIM na DMARC, yaani mipangilio inayozisaidia seva nyingine kutambua kama barua imetoka kweli kwenye anwani za chuo, imewekwa sawa kabla ya kuhamia mfumo mpya. Vinginevyo barua zenu wenyewe zitatupwa kwenye taka. Na kama bado mnawalazimisha watu wabadili nenosiri kila miezi mitatu, acheni. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilishauri mwaka 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadili nenosiri kwa kufuata kalenda, ila pale penye ushahidi kwamba limevuja. Mtapunguza tiketi za nenosiri na kupunguza makelele kwa mkupuo mmoja.

Upande wa pili wa shilingi hiyo ni dawati lenyewe. Matapeli hupiga simu wakijifanya mhadhiri aliyepoteza simu yake, wakiomba nenosiri libadilishwe sasa hivi. Utaratibu wa kumtambua mpigaji lazima uwe mmoja kwa wote sita, kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na kwa mkuu wa chuo, na uwe umeelezwa mapema ili kijana wako wa zamu asionekane mjeuri anapoufuata.

Mjue pia kwamba mtu aliyekwama hawaulizi ninyi kwanza. Anamwuliza jirani wa meza, katibu wa idara, mwakilishi wa darasa, mtu wa maktaba. Hao ndio dawati lenu la kwanza, na wanalihudumia bila kuambiwa chochote. Kabla ya badiliko kubwa wapeni habari siku moja au mbili mapema, kwa maneno mafupi wanayoweza kuyasambaza kwenye kundi la WhatsApp bila kuyahariri. Yawe maandishi, yasiwe picha ya bango: picha mara nyingi haisomwi vizuri na programu zinazowasomea wasioona, na si rahisi kuitafuta baadaye.

Kupima mafanikio, acheni kuhesabu barua mlizotuma. Hesabuni simu na tiketi za "kuna nini?" zinazokuja ndani ya siku mbili baada ya kila badiliko, na hesabuni tiketi zinazofunguliwa tena. Namba hizo mbili zikishuka, mnasikika.

Sasa hiyo hamahama. Usiwahamishe wote 18,000 kwa usiku mmoja. Anza na kundi la majaribio la watu kama 50, na chagua wale ambao kompyuta huwasumbua. Hao ndio watakaokuonesha mahali maelekezo yako yanapokatika. Maswali yao yawe makala za msaada kabla kundi la pili halijahama. Baada ya hapo hamisha kitivo kwa kitivo, usiguse juma la usajili wala la mitihani, na kwa siku tatu baada ya kila kundi weka watu wawili wanaoonekana kwa macho, wenye meza, penye njia ya watu wengi. Mtu mwenye simu mkononi anayeelekezwa ana kwa ana kwa dakika tatu atawaelekeza wengine watano.

Tangazo litumwe kwa kundi linalohama tu, mara mbili: wiki moja kabla, na asubuhi ya siku iliyotangulia. Ningeliandika hivi, nawe ulirekebishe kwa mujibu wa mfumo wenu:

"Barua pepe yako ya chuo inahama Jumanne: utahitaji kuiweka upya kwenye simu.

Jumanne tarehe 12, kuanzia saa 12:00 asubuhi (06:00) hadi saa 4:00 asubuhi (10:00), hutaweza kusoma wala kutuma barua pepe ya chuo. Barua utakazotumiwa muda huo hazitapotea, utazikuta baadaye. Kabla ya Jumanne hakuna unachotakiwa kufanya. Baada ya saa 4:00 asubuhi, iondoe akaunti ya chuo kwenye simu yako kisha uiweke tena. Nenosiri ni lilelile. Barua zako za zamani zinahama nawe. Sahihi ya mwisho wa barua na kanuni za kuelekeza barua kwingine hazihami, itabidi uziweke upya. Ujumbe huu hauna kiungo cha kubofya, na hakuna atakayekuuliza nenosiri. Maelekezo kwa picha na maandishi yako kwenye ukurasa wa msaada wa tovuti ya chuo. Ukikwama, tupo mlangoni pa maktaba Jumanne, Jumatano na Alhamisi, saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni. Njoo na simu yako."